Chaji Mbili kwenye Karatasi Iliyokunjwa

Walimwita Kufuli. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake, maana alichonga funguo na kufufua makufuli yaliyokufa. Mkewe alisema hapana, ni kwa sababu ya mdomo wake. Yeye mwenyewe hakujibu, na kwa kutojibu akawa amempa mkewe ushindi.

Mkewe aliitwa Fundi. Kufuli naye alikuwa fundi, lakini ukisimama mlangoni ukaita "Fundi", aliyeinua kichwa ni mama. Walifanya kazi katika chumba kimoja cha mbele. Kulia palikuwa na cherehani, meza ya kukatia na bunda la karatasi za kaki za kuchorea mitindo. Kushoto palikuwa na benchi lenye jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila namna, na ubao uliotundikwa funguo ambazo hazijachongwa. Pembeni kulikuwa na pazia la wateja kujaribia nguo. Sakafuni palikuwa na mstari wa chaki. Vumbi la chuma halikuruhusiwa kuvuka kwenda kulia, na vipande vya nyuzi havikuruhusiwa kuvuka kwenda kushoto. Vilivuka kila siku, na kila siku ikawa kesi.

"Mzee, chuma chako kimeingia kwenye shela ya bibi harusi."

"Itang'aa."

Basi. Kesi imeahirishwa.

Kufuli hakusoma. Namba alizijua, kwa kuwa funguo huja na namba. Herufi zilimpita kando, kama watu wasiojuana njiani. Fundi alisoma mpaka kidato cha nne, akafaulu kila kitu isipokuwa fizikia, somo lake pekee la sayansi. Mwaka ule mama yake aliugua. Alikaa nyumbani muhula mzima akimuuguza, na muhula huo ndipo wenzake waliposoma umeme. Mtihani ulipokuja umejaa umeme mtupu, aliandika jina lake vizuri, akakaa akitazama dirisha. Miaka ikapita. Akaolewa, akazaa, akashona. Fizikia akaiacha ilipo, kama mtu anavyoacha deni la jirani aliyehama.

Asubuhi alikuwa akifundisha kushona katika chuo cha ufundi, mwendo wa robo saa kwa miguu. Alifundisha hapo miaka tisa, lakini kwenye makaratasi alikuwa "msaidizi". Msaidizi anafanya kazi yote ya mwalimu ila mambo mawili: hasaini kitabu cha mahudhurio, na hapewi ufunguo wa darasa. Kila siku Fundi alisimama nje na wanafunzi wake akisubiri mtu wa ofisini aje kufungua. Mtu wa ofisini alikuwa anapenda chai.

Hapo ndipo watu walipopata kicheko. Mke wa mchonga funguo, amefungiwa nje.

"Nipeleke siku moja tu nilione hilo kufuli," Kufuli alimwambia. "Silishiki. Nalitazama tu."

"Ukishalitazama si umeshafungua. Unataka niitwe mwizi mbele ya wanafunzi?"

"Miaka tisa umesimama juani."

"Nitaupata ufunguo kwa mlango wa mbele," Fundi akasema, na cherehani ikaendelea.

Halafu chuo kikapata mkuu mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makaratasi. Alimwita Fundi ofisini, akamkaribisha kiti, akamsifu, kisha akamsomea barua. Kila anayefundisha lazima awe na cheti kamili, na somo moja la sayansi likiwemo. Akileta cheti kabla ya mwaka mpya wa masomo, atakuwa mwalimu kamili, mwenye saini yake na ufunguo wake. Asipoleta, chuo kitamshukuru.

"Kunishukuru ndiyo nini?" Fundi alimuuliza Kufuli jioni.

"Kukufukuza kwa adabu."

Kufuli alipuliza vumbi la tupa, likavuka mstari. Fundi hakufungua kesi, na kwa hilo akajua mkewe ameumia. Kushona angeshona popote. Lakini lile darasa la wasichana ishirini na wanne, na wavulana watatu waliokuwa wanaona haya, lilikuwa lake. Alilisema kama mtu anavyosema "wanangu".

Kesho yake alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fizikia, somo moja. Miezi mitano. Alinunua kitabu kilichotumika, chenye maswali kila sura na majibu mwishoni, kikiwa kimeandikwa pembezoni na kijana aliyempenda msichana fulani kuliko fizikia.

Mwalimu alijileta mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani, kijana mnene mchangamfu aliyekuwa akinenepa kuliko suruali yake. Kila Jumamosi alikuja na suruali iliyoachia mshono. Wakapatana: yeye atafundisha, Fundi atatanua. Kazi ilifanyika kwa pamoja, kwa kuwa suruali yenyewe ndiyo aliyokuwa ameivaa. Alijifungia nyuma ya pazia na taulo kiunoni, suruali ikarushwa juu ya pazia, na somo likaanza.

"Shikamoo, Mzee Kufuli," sauti ya pazia ilisema.

"Marahaba. Usiguse ukuta, una rangi mbichi."

"Nimeshagusa. Fundi, soma jibu la kwanza."

Fundi alisoma majibu kutoka kwenye daftari huku akishona, na pazia likamwambia sahihi au si sahihi. Nguvu, mwendo, kapi, wenzo: sahihi, sahihi, sahihi. Mtu aliyekanyaga cherehani miaka ishirini na mitano hahitaji kuelezwa gurudumu ni nini. Joto na pasi ya mkaa, hivyo hivyo. Pazia likamsifu.

"Fundi, wewe ungekuwa profesa."

"Na suruali yako nani angeitanua?"

Umeme ulifika mwezi wa tatu. Fundi aliuendea kwa hofu, kama mtu anayerudi kwenye nyumba aliyofukuzwa. Akakuta kumbe anaufahamu. Alikata vipande viwili vya nailoni, akavisugua kwa kitambaa cha sufu, akavining'iniza pamoja. Vikakimbiana kama mawifi.

"Chaji zinazofanana hukimbiana," alimwambia Kufuli. "Zisizofanana huvutana. Unaona bitana inavyomng'ang'ania mteja miguuni? Ndiyo hiyo. Miaka yote nawaambia ni kitambaa kibaya, kumbe ni fizikia."

"Utawarudishia pesa?"

"Kwani nilisema mshono ni mbaya?"

Uga wa umeme nao ukamwingia. Kitabu kilisema kila chaji ina eneo lake lililoizunguka, na chaji nyingine ikiingia humo husukumwa au huvutwa, hata kama hazigusani. Fundi akainua kichwa, akamtazama mumewe ng'ambo ya mstari wa chaki.

"Kama wewe ukinuna," akasema. "Hujasema kitu, lakini chumba kizima kinajua."

Mishale ya uelekeo hakuikosea hata mmoja. Fundi nguo anaishi na mishale. Kila kipande cha mtindo kina mshale wa kuonyesha nyuzi zinakwenda wapi, ukikosea sketi inajisokota. Kwa hiyo siku ya kwanza ya maswali ya umeme alikaa kwa raha zake.

"Swali la kwanza," alimsomea pazia. "Chaji mbili, moja ya mikro mbili, nyingine ya mikro tatu, zimeachana sentimita thelathini. Nguvu ni nyutoni mbili nukta nne."

"Si sahihi. Ni sifuri nukta sita."

"La pili. Tatu nukta sita."

"Sifuri nukta tisa."

"La tatu, uga umbali wa sentimita ishirini. Milioni tatu na laki sita."

"Laki tisa. Fundi, kuna nini leo?"

"La nne. Chaji iliyowekwa ndani ya uga wa mia mbili. Sifuri nukta sifuri sifuri moja."

"Hilo sahihi."

Moja kati ya manne. Mwalimu akapiga hesabu kule nyuma ya pazia, akasema kwa mshangao kwamba hayo matatu yote yamezidi mara nne kamili. Hayakuzidi ovyo. Yamezidi kwa utaratibu.

"Utakuwa unakosea ile namba ya kudumu. Ni tisa na sifuri zake tisa. Wewe unaweka thelathini na sita?"

"Naweka tisa."

"Hebu iandike ukutani."

Akaiandika ukutani kwa chaki ya nguo, kubwa, tisa na mkia wa sifuri. Wateja wakauliza ni namba ya simu ya nani. Jumamosi iliyofuata, majibu mara nne. Jumamosi ya pili, mara nne. Mwalimu akasema labda ni zile mikro, vile vipimo vidogo vya chaji, akazieleza upya. Mara nne. Alisema angetaka kuona hatua zenyewe, lakini hatua hazikuwa kwenye daftari. Fundi alipiga hesabu zake juu ya meza ya kukatia, kwenye karatasi za kaki, kama alivyopigia hesabu za maisha yake yote. Kwenye daftari aliandika jibu safi tu. Na pazia halikuwa na suruali, lisingeweza kutoka kwenda mezani, na karatasi zenyewe zilikuwa zimefukiwa chini ya nguo za wateja.

"Nitakuja siku nyingine na suruali mbili," mwalimu aliahidi.

Hakuwa na suruali mbili.

Nyumba nzima ikaingia kwenye tatizo. Kitinda mimba wao, msichana aliyekuwa anauza dawa kwenye duka la kona na kujiona daktari, alirudi jioni akasikiliza, akatoa tiba.

"Mama, si rahisi tu? Kila ukimaliza, gawanya kwa nne."

Fundi aliweka mkasi chini.

"Nguo ikimbana mteja, unampunguza mteja?"

"Lakini jibu litakuwa sahihi."

"Na la nne? Lile la uga wa mia mbili nililipata bila kugawanya. Nikigawanya hilo nakosa. Nitajua vipi lipi la kugawanya na lipi la kuacha? Mwanangu, dawa unampa mtu bila kujua anaumwa nini?"

"Tunawapa," kitinda mimba akasema. "Wakija na haraka."

"Siku nikiumwa nipelekeni duka lingine."

Kufuli alicheka mpaka tupa ikamteleza. Lakini baadaye, walipokaa kula, aliona mkewe anakata mkate bila kuula. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya mtihani. Maswali ya umeme yalikuwa robo ya mtihani, na mwalimu alishamwambia ukweli: kwa alama alizokuwa nazo kwenye mada nyingine, bila umeme atakuwa pale pale kwenye mstari wa kufaulu, nusu ndani nusu nje.

"Nimefikiri," Fundi akasema. "Kesho nitamwambia mkuu anishukuru tu sasa. Kuliko kusubiri."

Kitinda mimba alimtazama baba yake. Kufuli alitafuna.

"Mlango wa mbele," mwishowe akasema.

"Umefungwa, Mzee."

"Mimi nafungua vilivyofungwa. Ndiyo kazi yangu."

"Si hiki," Fundi akasema, kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kesi zote za vumbi.

Asubuhi Fundi alivaa gauni lake la kwendea ofisini. Alianza kusafisha meza ya kukatia kabla ya kutoka. Karatasi zote za maswali ya umeme alizikusanya pamoja, akazivusha mstari wa chaki, akazitupa upande wa Kufuli.

"Fungashia makufuli," akasema. "Ni karatasi nzuri."

Kufuli akazipokea. Alichukua ya juu, akailaza kwenye benchi ili afungashie kufuli la mteja. Ilikuwa imekunjwa katikati, kama karatasi zote za Fundi. Juu palikuwa na nukta moja, namba, na mshale. Penye nukta palikuwa na tundu la sindano.

Hapa inabidi kueleza kidogo kazi ya watu hawa. Mchonga ufunguo asiyejua kusoma hasomi ufunguo. Anaulaza wa zamani juu ya mpya, anavilinganisha, jino kwa jino. Pale visipolingana, hapo ndipo pa kupiga tupa. Kufuli alifanya hivyo kwa kila kitu maishani. Alipopewa viatu vipya alivilinganisha na vya zamani soli kwa soli. Alipooa alilinganisha kimya cha nyumba ya zamani na kelele za nyumba mpya, akaona pamepungua kimya, akaridhika.

Kitabu kilikuwa wazi juu ya cherehani, penye swali la kwanza. Akavuka mstari, akakichukua, akakileta benchi. Maneno hayakumhusu. Lakini kitabuni palikuwa na mchoro: nukta mbili zenye namba, na kati yake namba nyingine. Akaulaza mchoro wa kaki karibu na mchoro wa kitabu. Jino kwa jino.

Mbili na mbili. Sawa. Tatu na tatu. Sawa. Kisha akaona jino lisilolingana.

"Mama," akaita.

Fundi alikuwa mlangoni na mkoba. "Nachelewa."

"Hapa kitabuni wameandika thelathini."

"Ndiyo. Ni umbali."

"Hapa kwako kumi na tano."

"Ndiyo, nime—" Fundi akaanza.

Alichukua tepu ya mkewe ya kupimia, akaikunjua ile karatasi ya kaki, akailaza wazi. Sindano ilikuwa imetoboa pande zote mbili kwa mpigo. Sasa nukta zilikuwa mbili, moja kila upande wa mkunjo. Akapima kutoka tundu hadi tundu.

"Thelathini," akasema. "Karatasi inajua. Namba ndiyo haijui."

Fundi alisimama na mkoba wake. Miaka ishirini na mitano. Mgongo wa mteja ukiwa inchi kumi na sita, kitambaa kinakunjwa, unapima nane kutoka kwenye mkunjo, unaandika nane, unakata. Ukifunua unapata kumi na sita. Hakuna fundi anayekata nguo wazi. Akishika namba ya umbali, mkono unaikata nusu kabla kichwa hakijaamka. Alikuwa akikunja karatasi, anapima nusu, anatoboa kwa sindano, anaandika nusu. Mchoro wake ulikuwa sahihi kabisa, kila mara. Ndiyo maana kila alipourudia hakuona kosa. Halafu hesabu aliipiga kwa ile namba iliyoandikwa.

"Umbali ukiwa nusu," akasema polepole, "nguvu inakuwa mara mbili. Na umbali unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo mara mbili, tena mara mbili. Mara nne."

"Sijui hayo," Kufuli akasema. "Mimi naona umekunja."

"Na lile la nne halikuwa na umbali. Ndiyo maana nilipata."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, na gauni lake la ofisini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka jirani akachungulia kuuliza nani kapata mtoto.

Hakwenda ofisini siku ile. Alirudia maswali yote, moja baada ya moja, karatasi ikiwa wazi. Saa sita mchana kulikuwa na mteja aliyekuja kuchukua blauzi yake, akaambiwa arudi kesho kwa sababu ya nyutoni. Jumamosi, pazia liliposomewa majibu kumi na mawili, likasema sahihi mara kumi na mbili.

"Fundi, nani amekutatulia?"

"Kufuli."

"Mzee amesoma wapi umeme?"

"Kwenye jiliwa," Kufuli akasema.

"Basi nyie wote," pazia likasema, "kwenye mtihani andikeni hatua. Hatua zina alama."

"Mimi sifanyi mtihani," Kufuli akasema, lakini hakuchukia kutajwa.

Siku ya mtihani alimsindikiza. Hakusema atamsindikiza, alifunga benchi, akabeba kufuli mkononi kama mtu anayekwenda kwa mteja, akatembea kando yake mpaka kwenye geti la shule. Watahiniwa wengine walikuwa watoto wa kuwazaa. Mmoja alimwamkia Fundi akidhani ni msimamizi.

"Usikunje," Kufuli akasema.

"Sikunji."

Akasubiri nje kwa saa tatu, ameketi kwenye jiwe, akilifungua lile kufuli na kulifunga. Fundi alipotoka, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa na alama nyekundu.

"Umefanya nini?"

"Niliukalia," akasema. "Mkono wa kushoto. Kila nikiona umbali ulikuwa unataka kushika karatasi ukunje. Nikaukalia mpaka mwisho."

Wakatembea. Njiani alimweleza swali la mwisho, lile lililompendeza. Chaji mbili zinazofanana, moja ndogo, ya moja, nyingine kubwa, ya nne. Zimeachana sentimita thelathini. Chaji ya tatu isimame wapi katikati yao isisukumwe upande wowote?

"Katikati kabisa," Kufuli akasema.

"Hapana. Hata mimi mkono ulisema hivyo, penye mkunjo. Lakini mkubwa angeisukuma. Inabidi isogee kwa mdogo. Kumi kutoka kwa mdogo, ishirini kutoka kwa mkubwa. Hapo inatulia."

Kufuli alilipima hilo kwa hatua kadhaa.

"Ndiyo maana wewe na kitinda mimba mkigombana nakaa karibu na yeye," akasema.

"Nilijua kuna siku utaelewa fizikia. Kwa hiyo mimi ndiye nne?"

Kufuli alilifunga kufuli lake. Klik. Ndilo lililokuwa jibu.

Matokeo yalitoka baada ya wiki saba. Kitinda mimba aliyaona kwenye simu, akaja mbio kutoka duka la dawa, akaacha mteja na kikohozi chake. Fundi alifaulu, alama ya kati, si ya juu si ya chini. Mkuu wa chuo alipokea cheti, akakitazama mbele na nyuma kama mtu wa makaratasi alivyo, akagonga muhuri. Kisha akafungua droo, akatoa ufunguo.

Fundi aliuleta nyumbani umefungwa kwenye leso. Akauweka kwenye benchi, upande wa kushoto wa mstari.

"Haya. Utazame sasa."

Ulikuwa ufunguo wa kawaida tu, wa kufuli la bei ndogo, meno manne. Kufuli angeweza kulifungua kwa kijiti. Hakumwambia. Aliulaza juu ya ufunguo mpya, akauchongea mwenzake, taratibu, akautoa makali kwa tupa laini ili usimkwaruzie mkoba. Mkewe alifundisha kwa huo aliomchongea miaka kumi na mmoja. Wanafunzi wake wote walijua wimbo wake mmoja: kwenye kitambaa nusu, kwenye mtihani nzima. Wengi hawakujua umetoka wapi.

Fundi alifariki wakati wa baridi, baada ya ugonjwa mfupi. Kitinda mimba alimpa dawa kila alipopaswa, na hakukosea hata moja.

Kufuli hakuufuta mstari wa chaki. Ulijifuta wenyewe, polepole, kwa nyayo za wateja. Namba ya ukutani ilibaki, tisa na mkia wake. Vumbi la chuma lilikwenda lilikotaka, hakuna kesi.

Mwaka uliofuata alikuja mwanamke mmoja na mkoba wa vitabu. Alikuwa mmoja wa wale wasichana ishirini na wanne, sasa mtu mzima. Akamwamkia, akampa pole ambayo alikuwa amechelewa kuitoa, akasema amepewa darasa la ushonaji, lile la Fundi. Akaweka ufunguo kwenye benchi.

"Umechakaa, Mzee. Unagoma kuzunguka. Naomba unichongee mwingine."

Kufuli aliujua kabla hajaushika. Meno manne, yameliwa. Ule wa kwanza ulibaki ofisini; huu ulikuwa wa Fundi, aliouchonga yeye mwenyewe, makali yametolewa.

"Ukiuchonga kutoka kwa huu uliolika," mwanamke akasema, "si utatoka umelika vile vile?"

"Utatoka hivyo."

"Sasa?"

Kufuli aliondoa ule uliochakaa, akauweka mfukoni. Akachukua ufunguo mpya ubaoni, akaubana kwenye jiliwa, akashika tupa. Hakulaza kitu juu yake. Akaanza jino la kwanza.

"Mzee, hulinganishi?"

"Huu naujua," akasema. "Kaa pale kwenye kiti. Si dakika nyingi."